Picha ya hoteli haikuambii bahari inapwa saa ngapi

Juzi niliposti picha ya binti yangu akichimba mchanga ufukweni, inbox ikajaa. "Dada, mlienda wapi? Na sisi tuna wa umri huo." Jibu ni refu kidogo, maana ile mnayoiona kwenye picha ni safari ya pili. Ya kwanza sikuiposti popote.

Ya kwanza tulikwenda Unguja, Jambiani, mwezi Julai. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi saba. Hoteli niliichagua vile vile wateja wangu wanavyochagua gauni: kwa picha. Maji ya bluu yamefika hadi kwenye ngazi, minazi imeinama, bwawa linang'aa. Na mimi ndiye nauza nguo za watoto mtandaoni! Najua kabisa mwanga wa saa moja asubuhi unavyoweza kuipendezesha nguo ya mtumba. Bado nikanasa.

Boti kutoka Dar ni kama saa mbili tu, lakini Julai kusi limekaza. Mtoto alitapika, nikatapika, baba yake akabaki kushika mifuko miwili. Tukalala mjini kwa shemeji, kesho yake saa tano asubuhi tukafika Jambiani.

Bahari haikuwepo.

Sitanii. Kulikuwa na mchanga mtupu, mawe, mashamba ya mwani na akina mama wameinama wanavuna, na huko mbali kabisa mstari mweupe wa mawimbi. Mtoto ananyoosha kidole ananiuliza "maji?" Nikamuuliza kaka wa mapokezi, akacheka kwa upole: "Mama, leo bamvua. Subirini jioni yatajaa."

Watu wa pwani mnajua hili, mimi wa bara sikujua. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa sana na hupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Kwa pwani yetu siku hizo maji huwa yamekwenda mbali kwenye saa nne, saa tano asubuhi, na hurudi alasiri. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: bahari haiendi mbali sana, na asubuhi ndiyo inajaa. Kila siku saa zinasogea mbele karibu dakika 50. Upande wa mashariki wa Unguja, yaani Paje, Bwejuu, Jambiani, tofauti inaonekana sana kwa sababu sakafu ya bahari ni tambarare hadi kwenye mwamba. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, mnaweza kuogelea karibu siku nzima, ila kuna sehemu kina kinakuja haraka, mashua ni nyingi, na baadhi ya kumbi zinapiga muziki mpaka usiku. Mwenye mtoto anayelala saa mbili ajue hilo mapema.

Sisemi Jambiani ni pabaya. Maji yakiwa nusu, pale ni kama beseni kubwa la maji ya vuguvugu. Tatizo nilipanga safari kwa kuangalia tarehe za mzigo wangu, mwezi sikuuangalia.

Sasa sehemu ambayo sikuiposti. Kwa kuwa bahari haipo, tukakaa pembeni ya bwawa. Bwawa halina uzio, wala kamba. Baba yake amekwenda kuulizia chakula. Meseji ikaingia: "Hii ya miaka miwili bei gani, na mpaka Mbagala mnaleta?" Nikajibu bei. Akaomba nipunguze. Nikaandika tena. Nikainua kichwa, mkeka mtupu.

Alikuwa hatua mbili kutoka ukingoni, anafuata jani linaloelea. Mtunza bustani alitupa reki yake chini akamdaka mkono. Hakunisema hata neno. Alinikabidhi mtoto, akaokota reki, akaendelea na kazi. Mteja yule hakununua, kama mnataka kujua.

Safari ya pili nilibadilisha namna ya kuchagua. Nilipiga simu na kuwauliza hoteli kama mteja msumbufu anavyotuuliza sisi. Bwawa lina uzio? Nitumie picha ya leo, ipigwe saa nne asubuhi. Chumba kiko chini au ni ngazi? Chandarua kipo na hakijatoboka? Jikoni watakubali nipike uji? Kivuli kipo ufukweni au ni miamvuli miwili ya kugombania? Hospitali iko umbali gani? Wawili hawakujibu, nikawaacha. Mmoja alisema "kila kitu kipo mama, wewe njoo tu." Huyo nikamwacha haraka zaidi, maana hata mimi nimewahi kumjibu mteja hivyo.

Tukaenda Bagamoyo. Ni kama kilomita 70 kutoka Dar kwa barabara, hakuna boti, na hospitali ya wilaya iko mjini pale pale. Niseme ukweli, maji yake si ya bluu ya kwenye picha. Mto Ruvu unaingia baharini karibu na hapo, kwa hiyo yana rangi ya udongo na huoni chini. Ndiyo maana mmoja wetu alikuwa ndani ya maji muda wote, mtoto akiwa ukingoni na viatu vya plastiki. Yeye rangi haimhusu. Alitaka mchanga, ndoo na kopo la blubendi. Tulichagua maji mafu, tunatoka saa moja na nusu, saa nne jua likianza kuchoma tunarudi kivulini.

Kuhusu biashara: tulikwenda Jumatatu hadi Jumatano katikati ya mwezi, kabla ya mishahara, oda zikiwa chache na vyumba vikiwa vitupu. Ukipiga simu ulizia bei ya wakazi, mara nyingi ipo na hawaitangazi. Siku tano kabla niliweka status: mzigo wa mwisho unatoka Jumamosi, tunarudi Alhamisi. Simu ya biashara nikamwachia mdogo wangu, na jibu moja tu la kutuma. Yangu ya mkononi nikaizima data. Siku ya kwanza kila baada ya dakika kumi mkono ulikuwa unaitafuta simu mfukoni, yaani nilijionea aibu.

Alhamisi nilikuta meseji 23. Wanne walikuwa wamekwenda kununua kwa wengine. Nane walisubiri, na mmoja wao aliandika: "Pumzikeni dada, gauni si ugali."

Picha ile alipiga baba yake.