Mabingwa wa Halijoto na Mabingwa wa Joto

Mwaka 2012 wanasayansi wa maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, waligonganisha viini vya atomu za risasi na kupata halijoto ya nyuzi zipatazo trilioni 5.5. Kiini cha Jua kina nyuzi milioni 15 tu. Hata hivyo, nishati yote ya mgongano mmoja wa aina hiyo haitoshi kupasha tone la maji kwa nyuzi moja.

Hapo ndipo orodha nyingi za rekodi huwachanganya wasomaji. Halijoto hueleza chembe zinatikisika kwa nguvu kiasi gani. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu kimoja kwenda kingine, na wingi wake hutegemea pia idadi ya chembe zilizopo. Cheche ya mkaa ikikurukia mkononi huuma kidogo ikazimika. Maji ya sufuria yanayochemka, ambayo nyuzi zake ni chache kuliko za cheche, yatakulaza hospitali.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni chombo cha Marekani kiitwacho Parker Solar Probe. Tarehe 24 Desemba 2024 kilipita kilomita milioni 6.1 kutoka uso wa Jua, na hakuna chombo kilichowahi kulisogelea hivyo. Gesi ya eneo hilo ina nyuzi zaidi ya milioni moja, lakini ngao ya chombo, yenye unene wa sentimita 11 hivi, iliundwa kustahimili nyuzi kama 1,400. Ikatosha. Gesi ile ni nyepesi mno, chembe zinazoigonga ngao ni chache, na sehemu kubwa ya joto linaloifikia huletwa na mwanga wa Jua. Nyuma ya ngao, mitambo hukaa katika nyuzi kama 30, hali ya hewa ya Dar es Salaam.

Kwenye baridi kuna ukomo: nyuzi −273.15. Mwaka 2021 watafiti waliotumia mnara wa kudondoshea majaribio wa Bremen, Ujerumani, walizidondosha atomu za rubidi na kuukaribia ukomo huo kwa nyuzi 38 zilizogawanywa kwa trilioni. Baridi kali kuliko zote iliyopimwa hewani juu ya uso wa dunia ni −89.2, kituo cha Vostok, Antaktika, Julai 1983.

Rekodi ya halijoto ya juu kabisa ya hewa inashikiliwa na Death Valley, Marekani: 56.7, tarehe 10 Julai 1913. Kwangu mimi Dallol ya Ethiopia ina uzito zaidi, kwa kuwa kati ya 1960 na 1966 wastani wake wa mwaka, usiku na mchana, masika na kiangazi, ulizidi nyuzi 34. Na huko Spearfish, South Dakota, asubuhi ya 22 Januari 1943, hewa ilipanda kutoka −20 hadi 7 kwa dakika mbili. Hakuna moto uliowashwa: upepo ulioteremka mlimani ulibanwa na uzito wa hewa, na hewa ikibanwa halijoto yake hupanda.

Katika kupitisha joto, almasi huishinda shaba kama mara tano. Katika kulihifadhi, maji hayana mpinzani wa karibu miongoni mwa vitu vya kila siku: kilo moja ya maji huhitaji joto mara tisa ya kilo ya chuma ili kupanda nyuzi moja. Mita tatu za juu za bahari zinaweza kubeba joto sawa na anga lote la dunia.

Kwa hiyo bingwa wa kweli hapa duniani ni bahari. Imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalonaswa na gesi tunazozalisha, na mwaka 2024 ilivunja rekodi yake yenyewe. Mwaka huohuo matumbawe ya Kenya na Tanzania yalipauka. Nyuzi moja tu juu ya kawaida, ikidumu wiki kadhaa, hutosha kuyapausha.