Wastani wa bei za nyumba waweza kumpotosha mnunuzi

WAKAZI wa Kakamega wanaouza au kununua nyumba mtaani Milimani aghalabu hupima bei kwa takwimu zinazotangazwa kuhusu Karen, Runda na Lavington jijini Nairobi. Familia inayouza ploti ya urithi ili kulipa karo huweza kusubiri miaka mingi bei ambayo haipo, kwa kuwa takwimu hizo hazisemi yale ambayo wengi hudhani.

Chukua mfano wa kubuni. Mtaani ziliuzwa nyumba tano mwaka jana, kwa Sh8 milioni, Sh9 milioni, Sh10 milioni, Sh11 milioni na Sh12 milioni. Wastani ni Sh10 milioni. Mwaka huu zauzwa tano tena: nne kwa Sh8 milioni hadi Sh11 milioni kama awali, na ya tano, kasri lililo kwenye ekari nzima, kwa Sh37 milioni. Wastani waruka hadi Sh15 milioni, na itatangazwa kuwa bei zimepanda kwa asilimia 50, ilhali nyumba ya kawaida haikuongezeka thamani hata shilingi. Zikipangwa kutoka ya bei ya chini hadi ya juu, iliyo katikati ingali Sh10 milioni. Mauzo yakiwa machache, kama yalivyo katika mitaa ya kifahari, kasri moja hutosha kuvuruga hesabu yote.

Kisha kuna suala la bei zenyewe zilikotoka. Nyingi ni za matangazo, yaani anazotaka muuzaji, wala si alizolipwa. Nayo fahirisi ya Chama cha Mabenki nchini, iliyoanza 2015, hutegemea nyumba zilizogharamiwa kwa mikopo ya benki. Mwishoni mwa 2023 mikopo ya nyumba ilikuwa takriban 30,000 pekee nchini kote. Anayejenga polepole kwa akiba au mkopo wa sacco, jambo la kawaida Kakamega, hamo kabisa katika hesabu hiyo.

Hata bei iliyoandikwa kwenye mkataba ina walakini. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani. Muuzaji naye hulipa kodi ya faida, iliyopandishwa kutoka asilimia 5 hadi 15 mnamo Januari 2023. Wote wawili, basi, wana kishawishi cha kuandika bei ya chini, na ndiyo maana mthamini wa serikali hukadiria thamani kabla ya ushuru kulipwa.

Ni kweli kwamba Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilichopata hadhi kamili 2007, na makao ya kaunti tangu 2013, vimeongeza mahitaji ya makazi. Lakini vyumba vya wanafunzi karibu na Lurambi ni soko tofauti na nyumba za Milimani.

Anayetaka ulinganisho wa haki huuliza ploti ya ukubwa ule ule, mathalani futi 50 kwa 100, yenye hati, barabara na maji sawa, ililipiwa kiasi gani hasa, na lini.