Simu inavyosaidia kugundua kasoro za macho baada ya kugongwa kichwa

KIJANA amegongana vichwa na mwenzake uwanjani. Ameanguka, akainuka na kuendelea na mchezo. Wiki moja baadaye analalamika kwamba maandishi yanarukaruka na kichwa kinamuuma kila anaposoma. Anapelekwa kupimwa macho, anasoma herufi zote ubaoni, na wazazi wanaambiwa macho ni mazima. Nyumbani anaitwa mvivu.

Ubao ule hupima kama jicho linaona vizuri kwa mbali. Mtikisiko wa ubongo huvuruga mambo mengine: macho mawili kukutana kwenye kitu kilicho karibu, au kuruka kutoka neno moja hadi jingine. Katika utafiti wa hospitali ya watoto ya Philadelphia, Marekani, uliochapishwa mwaka wa 2016, vijana 100 waliopata mtikisiko na kufikishwa kwa wataalamu walichunguzwa. 69 kati yao walikuwa na kasoro ya macho, na karibu nusu ya wote walishindwa kukutanisha macho sawasawa.

Je, simu itasaidiaje? Programu ya Peek, iliyojaribiwa Nakuru na matokeo yake kutolewa mwaka wa 2015, ilionyesha kwamba simu yaweza kupima macho karibu sawa na ubao. Lakini hiyo nayo hupima uwezo wa kuona tu, kwa hivyo kijana wetu angeipita.

Kipimo kinachogusa shida yake ni kile kiitwacho King-Devick. Kilianza mwaka wa 1976 kikiwa kadi za kuchunguza usomaji, na sasa kinapatikana pia kwenye tableti. Mchezaji husoma tarakimu kwa sauti, haraka awezavyo, huku muda ukihesabiwa. Akichelewa kuliko alivyosoma kabla ya msimu, au akikosea, hutolewa uwanjani.

Ugumu uko hapo kwenye "kabla ya msimu". Bila kipimo cha awali, hakuna cha kulinganisha. Na mchezaji mjanja aweza kusoma polepole makusudi siku ya kwanza!

Asiye na tableti aweza kutumia kalamu. Isogeze polepole kuelekea pua ya mgonjwa, naye aseme inapogeuka kuwa mbili. Ikiwa mbali zaidi ya sentimita 5 au 6 hivi, amwone daktari wa macho na amweleze kwamba aligongwa kichwa. Maelezo hayo ndiyo yatakayomfanya daktari apime zaidi ya herufi.

Hata hivyo, anayetapika mara kwa mara, anayesinzia isivyo kawaida, mwenye degedege, au ambaye mboni zake hazilingani, asipimwe kwa simu wala kalamu. Apelekwe hospitalini mara moja.

Jambo jingine: katika saa 48 za kwanza wataalamu hushauri mgonjwa apunguze kutazama skrini. Akishapimwa, simu iwekwe kando.