Ulimi wa Reli na Mota Yake

Mnyusi, mkoani Tanga, ndipo reli iliyoanza kujengwa mwaka 1893 ilipounganishwa na Reli ya Kati, kupitia Ruvu, mwaka 1963. Penye makutano ya namna hiyo pana vyuma viwili vilivyochongoka, ambavyo husogezwa ili kuielekeza treni upande huu au ule.

Mfasiri aweza kuviita "swichi". Neno hilo halifai: fundi asomaye "funga swichi" aweza kukata umeme, kumbe ametakiwa kuikaza njia. Twapendekeza kila chuma kiitwe "ulimi wa reli", na chombo kizima "kigeuzanjia".

Kigeuzanjia cha mkono huendeshwa kwa wenzo. Kingine huendeshwa kwa mota ya umeme. Lakini kusukuma hakutoshi. Sharti ulimi ubane barabara kwenye reli, ukomewe, na mwenye kuongoza ishara aarifiwe. Ulimi ulioacha upenyo waweza kuitoa treni njiani. Kwa hiyo "mota" ni sehemu moja tu, na mtambo ufanyao kazi zote hizo twauita "kiendeshi cha kigeuzanjia".

Kitenzi "komea" tumekichagua makusudi badala ya "funga", kwani hata mlango waweza kufungwa bila kukomewa.