Kompyuta imegoma baada ya usafi? Usikimbilie kununua

Vumbi la Mwananyamala halipigi hodi. Likijaa kwenye feni, kompyuta hupata joto, na kijana wa nyumbani huifungua aisafishe. Akimaliza anabonyeza kitufe: kimya. Hapo mzazi huanza kufoka, na fundi asiye mwaminifu hupata nafasi ya kusema mazabodi imeungua.

Mzazi, tulia. Kompyuta ya kuunganishwa kipande kwa kipande, iliyokuwa ikiwaka kabla ya usafi, mara nyingi haijafa. Kuna kitu kimelegea. Chomoeni waya wa umeme kwanza, kisha mkague pamoja.

Haiwaki kabisa: Huenda swichi ya pawa saplai, nyuma ya kasha, imeachwa kwenye O badala ya I. Tazameni pia nyaya nyembamba za kitufe cha kuwashia.

Feni zinazunguka, kioo cheusi: Toeni RAM, mwirudishe na kuibonyeza mpaka ijifunge. Hakikisheni waya wa umeme wa prosesa, wenye pini 4 au 8, umechomekwa. Kama kuna kadi ya grafiki, waya wa kioo uingie kwenye kadi hiyo.

Ikiwa ilifutwa kwa kitambaa chenye maji, iacheni ikauke kabisa.

Pawa saplai msiifungue kamwe. Hupokea volti 230, na hubaki na umeme ndani hata ikichomolewa.

Ikigoma bado, nendeni kwa fundi mkiwa mnajua mlichokagua. Na kijana aende naye, akajifunze.