Kasuku Katika Vituo vya Wazee

Katika miji mingi ya Marekani kuna vituo ambamo wazee, pamoja na watu wazima wenye ulemavu, hupelekwa asubuhi na kurudishwa makwao jioni. Huko hupata chakula, huduma ya wauguzi, mazoezi ya viungo na maongezi, wakati jamaa zao wako kazini. Utaratibu huu una mizizi katika hospitali za mchana za Uingereza. Mojawapo ya zile za mwanzo ilifunguliwa mjini Oxford mwaka 1958.

Miongoni mwa burudani ziletwazo katika vituo hivyo ni maonyesho ya ndege wa kigeni. Mtunzaji hufika na matundu yake, huwatoa ndege mmoja mmoja na kuwapitisha mbele ya watazamaji: kasuku wakubwa wa Amerika ya Kusini wenye rangi nyekundu, manjano na buluu, kasuku weupe wenye vishungi kutoka Australia, na kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, mzaliwa wa misitu ya Afrika. Si ajabu mzee aliyenyamaza tangu asubuhi akainua kichwa, akanyosha mkono na kuanza kuzungumza. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, sayansi inasemaje?

Macho na Masikio ya Uzeeni

Binadamu azeekapo, lenzi ya jicho lake huelekea kuwa ya manjano na hupitisha mwanga mchache zaidi, hasa ule wa buluu. Rangi hafifu huwa vigumu kutofautishwa, lakini rangi nyekundu iliyoiva huendelea kuonekana vema. Masikio nayo hupoteza kwanza uwezo wa kusikia sauti nyembamba. Ndiyo maana wazee wengi hawaisikii tena milio ya ndege wadogo waliyoizoea ujanani.

Kasuku hukidhi haja hizo mbili. Wekundu na umanjano wa manyoya yake hutokana na kemikali ambazo mwili wake huzitengeneza wenyewe, ilhali ndege wengine wengi hupata rangi kama hizo kutokana na chakula. Sauti yake ni kubwa, na maneno anayoyaiga yamo katika kiwango cha sauti ya binadamu. Yafaa ikumbukwe kwamba ndege hana nyuzi za sauti katika zoloto kama alizo nazo mtu. Sauti yake hutoka katika kiungo kilicho chini zaidi, pale bomba la pumzi linapogawanyika kuelekea mapafuni; kisha kasuku huirekebisha kwa ulimi wake mnene.

Mwaka 1975 watafiti Mugford na M'Comisky walieleza uchunguzi uliofanywa Uingereza kwa wazee waliokuwa wakiishi peke yao. Baadhi yao walipewa kasuku wadogo wa asili ya Australia. Wengine walipewa maua ya chunguni. Baada ya miezi kadhaa, waliopewa ndege walionyesha nafuu zaidi katika hali ya nafsi na katika uhusiano wao na watu. Waliochunguzwa walikuwa wachache, hivyo matokeo hayo hayawezi kuhesabiwa kuwa neno la mwisho. Hata hivyo yalidhihirisha jambo moja muhimu: ndege alikuwa amewapa wazee na wageni wao jambo la kuzungumza.

Hali ya Mgeni Mwenyewe

Faida hiyo ina gharama zake. Kwanza ni maradhi. Kasuku waweza kuchukua bakteria wanaosababisha homa ya kasuku, ambayo humwingia mtu kwa kuvuta vumbi la kinyesi kilichokauka na hushambulia mapafu. Katika miaka ya 1929 na 1930 homa hiyo ilienea katika nchi nyingi kwa njia ya biashara ya ndege. Siku hizi inatibika kwa dawa za jamii ya tetrasaiklini, lakini kwa mzee mwenye kinga dhaifu si jambo la kudharauliwa.

Pili ni akili ya ndege huyu. Alex, kasuku wa kijivu aliyefundishwa na mtaalamu Irene Pepperberg tangu mwaka 1977 hadi ndege huyo alipokufa mwaka 2007, aliweza kutaja vitu takriban 50 na rangi 7. Kiumbe mwenye akili kama hiyo akifungiwa tunduni bila shughuli wala wenzake, aghalabu huanza kujinyonyoa manyoya.

Tatu ni misitu. Kasuku wa kijivu huishi kwa makundi tangu Afrika ya Magharibi hadi Kongo, Uganda na magharibi ya Kenya, na hutaga katika matundu ya miti mikubwa. Nchini Ghana, watafiti walikadiria mwaka 2016 kwamba idadi yake ilikuwa imepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwaka 1992, kwa sababu ya utegaji na ukataji wa miti. Marekani ilitunga sheria ya kuzuia uingizaji wa ndege wa mwituni mwaka 1992. Mwaka 2016, mkutano wa kimataifa uliofanyika Johannesburg uliamua kupiga marufuku biashara ya kasuku wa kijivu wanaokamatwa porini.

Kwa hiyo kituo kinachoalika maonyesho hakina budi kuuliza kwanza: Je, ndege hawa wamezaliwa katika ufugaji? Wamepimwa na daktari wa mifugo? Hupata muda wa kupumzika? Watazamaji nao yafaa wanawe mikono baada ya kuwagusa, wenye maradhi ya mapafu wakae mbali, na mzee anayeogopa asilazimishwe. Ili mwenyeji apone, hapana budi mgeni naye awe mzima.