Ekerenyo: Kazi ya Kujitolea Huanza Kabla ya Mashine

Tarehe 29 Septemba 2025, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ilirejesha usajili endelevu wa wapiga kura nchini Kenya. Wadi ya Ekerenyo, katika eneo bunge la Mugirango Kaskazini, ilikuwa inangoja uchaguzi mdogo wa mwakilishi wadi uliopangwa tarehe 27 Novemba. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Uchaguzi husitisha usajili tangu kiti kinapotangazwa kuwa wazi hadi uchaguzi ufanyike, kwa hiyo Ekerenyo iliachwa nje.

Sharti hilo lina maana: linamzuia mgombea kuleta wapiga kura kwa malori baada ya kuona pengo. Lakini IEBC ilikaa bila makamishna tangu mapema 2023 hadi Julai 2025, na chaguzi ndogo zikarundikana kote nchini. Kijana aliyepata kitambulisho baada ya kiti kutangazwa wazi alibaki mtazamaji, hata angekuwa na hamu kiasi gani.

Ndiyo maana anayetaka kujitolea kusaidia watu kujisajili Ekerenyo aanze na kalenda, wala si kipaza sauti. Mwaka 2021 tume ililenga kusajili watu milioni 6 kwa mwezi mmoja; ilipata takriban milioni 1.5. Kelele za hamasa hazikukosekana.

Tuelewane jambo moja. Mtu wa kujitolea hasajili mtu yeyote. Karani wa IEBC ndiye anayechukua alama za vidole na picha kwa mashine ya usajili ya BVR, na anayesajiliwa lazima awepo mwenyewe na kitambulisho halisi au pasipoti iliyo hai. Karatasi ya kungojea kitambulisho haitoshi. Hapo ndipo wengi hukwama: cheti cha kuzaliwa hakipo, nakala ya kitambulisho cha mzazi iko mbali, au chifu hajampata mtu wa kumthibitisha mwombaji. Wengine kadi zao zilishatoka zamani, zimelala ofisini bila mwenyewe kujua. Kumpigia kijana simu aende kuichukua kuna faida kuliko mkutano mzima wa hadhara. Kumsindikiza asiye na kitambulisho hadi kwa naibu wa chifu kuna faida zaidi.

Jambo la kuepuka ni kukusanya vitambulisho vya watu “ili kurahisisha kazi”. Msimu wa siasa, mwenye rundo la vitambulisho vya wenzake hushukiwa, na kwa haki. Kila mtu abaki na chake mfukoni. Na ukivaa fulana ya chama, nusu ya kijiji itadhani unamtafutia mtu kura; ivue kwanza.

Kundi linalosahaulika ni waliojisajili Nairobi au Nakuru walikokuwa vibarua, kisha wakarudi nyumbani kuchuma majani chai au kuendesha bodaboda. Hao hawahitaji kusajiliwa upya, na kujisajili mara mbili ni kosa. Wanahitaji kuhamisha kituo kupitia ofisi ya IEBC ya eneo bunge wanalohamia. Mwisho wa kuhamisha ni siku 90 kabla ya uchaguzi, ilhali usajili mpya husimama siku 60 kabla. Kwa uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027, mlango wa kuhamisha unafungwa katikati ya Mei. Wenyeji walio mijini wanaotaka kupigia kura nyumbani wamebakiwa na Krismasi ya 2026 na Pasaka ya Machi 2027, na ofisi hazifunguliwi sikukuu. Waambiwe mapema waongeze siku moja ya kazi kwenye safari.